GT-R au 911 Turbo: tuzipime kwa barabara za Lubumbashi

Bwana Mhariri,

Mabishano ya wasomaji wenu juu ya Nissan GT-R na Porsche 911 Turbo yamekuwa matamu, na wote wanaoandika wanaonyesha kwamba wanayapenda magari haya kwa moyo. Tatizo ni kwamba kila barua inataja nguvu farasi na sekunde za kufikia kilomita 100 kwa saa, halafu inaishia hapo. Kwa magari haya mawili hesabu hiyo haimtoi mshindi. Porsche 911 Turbo ya kizazi cha 997 ilitoka mwaka 2006 ikiwa na nguvu farasi 480. GT-R R35 ilitoka Japani Desemba 2007, nayo ikiwa na nguvu farasi 480. Anayetaka kuchagua atafute kipimo kingine, na kwetu kipimo ni mji huu tunamoishi: mwinuko wake, vumbi lake, barabara zake na esanse (petroli) yake.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kwa Lubumbashi, 911 Turbo ya 997 yenye gia za mkono ndiyo inayofaa zaidi. GT-R inaifuata kwa karibu sana, na katika mambo fulani inaishinda, kama nitakavyoeleza.

Kwanza hewa. Lubumbashi iko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hapa mgandamizo wa hewa ni kilopaskali 88 hivi, wakati pwani ni 101. Injini isiyo na turbo huvuta hewa jinsi ilivyo, kwa hiyo hapa inapoteza takriban asilimia 13 ya nguvu zake hata ikiwa mpya kabisa. Ferrari 458 Italia, iliyoandikiwa farasi 570, inabaki na kama 500. Lamborghini Gallardo LP 560-4 inapata hasara hiyo hiyo. Ndiyo maana siziingizi katika shindano hili, ingawa mlio wa 458 inapopanda kuelekea mizunguko 9,000 kwa dakika hauna mpinzani.

Gari la turbo linajitetea. Kompyuta huifanya turbo izunguke kasi zaidi mpaka mgandamizo unaotakiwa upatikane ndani ya injini. GT-R na 911 zina turbo mbili kila moja, na turbo za 911 zina mapezi madogo yanayobadilisha mwelekeo wa moshi, hivyo zinaamka mapema hata mizunguko ikiwa chini. Lakini hewa inayobanwa zaidi hutoka na joto zaidi, na kazi ya kuipoza inabaki kwa vipoza-hewa. Hapo ndipo vumbi letu jekundu linapoleta shida.

Kuanzia Mei hadi Oktoba vumbi hilo linaingia kila tundu. Vipoza-hewa vya GT-R viko mbele, nyuma ya bampa, unaviona ukiinama. Vya 911 Turbo viko nyuma ndani ya mbavu za gari, hewa yake ikipitia matundu yaliyo mbele ya tairi za nyuma. Kwa kuwa havionekani bila kufungua bampa la nyuma, husahaulika. Radiateri za maji za 911 nazo ziko mbele, kushoto, kulia na katikati, na mbele yake hujaa majani, wadudu na mifuko ya plastiki. Mwisho wa kiangazi bampa zote mbili zifunguliwe. Uchafu mkavu utolewe kwa brashi laini, kisha maji ya nguvu ndogo yapitishwe kutoka ndani kwenda nje, kinyume na njia ya hewa. Mashine ya kuoshea yenye nguvu kubwa isitumike, maana hulaza mapezi ya alumini, na pezi lililolala halipitishi hewa tena. Dalili ya vipoza-hewa vilivyoziba ni gari linalokwenda vizuri asubuhi na kuwa zito mchana: hewa inaingia moto, kompyuta inachelewesha cheche ili kulinda pistoni, na nguvu inapungua bila taa yoyote kuwaka.

Filta ya hewa iwe ya karatasi, kavu. Zile za kuoshwa na kupakwa oili, ambazo vijana wengi wanazipenda kwa ajili ya sauti, huachia ukungu wa oili juu ya kipima-hewa. Kipima-hewa kikichafuka kinaidanganya kompyuta, na mchanganyiko wa hewa na esanse unaharibika.

Msomaji mmoja alitaja muda wa Nürburgring, uwanja wa mashindano wa Ujerumani, kama hukumu ya mwisho. Ni kweli kwamba mwaka 2008 Nissan walitangaza kuwa GT-R imemaliza mzunguko huo wa zaidi ya kilomita 20 kwa dakika 7 na sekunde 29. Lakini asisahau kwamba mwaka huo huo Porsche walinunua GT-R yao, wakaipeleka pale pale, wakasema imetumia dakika 7 na sekunde 54. Tofauti ya sekunde 25 kwa gari la aina moja inaonyesha uzito wa tairi, dereva na hali ya siku. Tena lami ya kule Ujerumani haina mashimo wala dodani (matuta).

Kwenye mashimo, GT-R inashinda, na wanaotetea Porsche wakubali. Tairi zake za kiwandani ni 255/40 mbele na 285/35 nyuma, kwenye janti (rimu) za inchi 20. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana huo. Ukipiga hesabu, ubavu wa tairi una urefu wa milimita 100 hivi pande zote. 911 Turbo ina 235/35 mbele na 305/30 nyuma, kwenye janti za inchi 19: ubavu wa mbele ni milimita 82 tu. Milimita hizo 18 ndizo zinazoamua kama janti itapinda ukikuta shimo usiku mvua ikinyesha. Tena janti za GT-R zimefuliwa kwa kugandamizwa, kwa hiyo zikigongwa mara nyingi hupinda badala ya kupasuka. Ubaya ni kwamba hupinda ukingo wa ndani, usioonekana gari likiwa chini. Linyanyue kwa jeki, funga kipande cha chuma kwenye amortiseri (shokapu) karibu na ukingo wa ndani, zungusha gurudumu taratibu kwa mkono na uangalie nafasi inavyopanuka na kupungua.

Kwa magari yote mawili, usinunue tairi moja ya mitumba kando ya barabara. Zote mbili huendesha magurudumu manne, zikigawa nguvu kwa klachi ya sahani nyingi. Tairi mpya ikichanganywa na zilizolika, vipenyo havilingani, magurudumu yanazunguka kwa kasi tofauti hata kwenye mstari ulionyooka, na klachi hiyo inateleza muda wote mpaka iungue. Badilisha zote nne, za aina moja, kwa wakati mmoja.

Sasa upande wa usukani, jambo ambalo hakuna aliyeligusa. GT-R nyingi za bei nafuu ni za soko la Japani, zenye usukani wa kulia. Tanzania na Zambia zinapopitia hakuna neno, maana huko wanaendesha kushoto. Ukishavuka mpaka wa Kasumbalesa kuingia Kongo unaendesha kulia. Barabara ya Likasi na ile ya Kasumbalesa zimejaa malori ya shaba na ya kemikali, yakifuatana. Dereva wa usukani wa kulia anakaa ukingoni mwa barabara, na ili aone mbele ya lori lazima atoe karibu gari zima kwenye njia ya wanaokuja. Farasi 480 hazisaidii kama macho hayaoni. Zaidi ya hayo, GT-R ya Japani imefungwa na kompyuta isizidi kilomita 180 kwa saa, na kizuizi hicho hufunguka tu GPS inapotambua kuwa gari liko kwenye uwanja wa mashindano wa huko. Anayeitaka GT-R atafute ya usukani wa kushoto, iliyouzwa Ulaya, Marekani au nchi za Ghuba. Italipa tofauti ya bei siku ya kwanza kuelekea Likasi.

Giaboksi ndiyo iliyonifanya niipe Porsche ushindi. Ile ya GT-R iko nyuma, imeunganishwa na difa (diferensiali), na ina klachi mbili ndani ya oili: moja ya gia zisizogawanyika kwa mbili, nyingine ya zile zinazogawanyika. Ni kazi ya ustadi mkubwa, na inabadilisha gia haraka kuliko mkono wowote. Lakini valvu zake ndogo za umeme hazivumilii uchafu. Oili ikizeeka kwa joto, unga wa chuma unazishika, shinikizo linapungua, na gari linapoteza kundi zima la gia: unabaki na ya kwanza, ya tatu na ya tano tu, au kinyume chake. Magari ya miaka ya mwanzo yaliumizwa zaidi na mtindo wa kuondoka kwa kishindo kwa msaada wa kompyuta, hadi Nissan ikabadilisha programu hiyo. Kumwaga oili yake kunahitaji lita zipatazo 10 za oili maalumu ya R35, kipimo chake kisomwe oili ikiwa kwenye joto lililowekwa na kiwanda, kisha klachi zifundishwe upya kwa kompyuta ya Nissan. Ukitia oili ya giaboksi ya kawaida umeiua. Tena Nissan ilisimamisha utengenezaji wa R35 Agosti 2025, kwa hiyo vipuri vyake havitapungua bei.

911 Turbo ya gia za mkono, klachi yake hubadilishwa kwa kushusha giaboksi bila kutoa injini, na garaje yoyote makini yenye jeki nzuri inaweza. Kuna mtego mmoja tu. Pedali yake inasaidiwa na mfumo wa oili ya usukani, na oili hiyo ni Pentosin CHF 11S, si oili ya breki. Fundi akitia DOT 4, ile ya breki, kwa mazoea, mipira yote ya ndani inavimba na kuvuja. Pedali ikiwa nzito ghafla, usikimbilie kununua klachi. Angalia kwanza kama kuna oili inayodondoka chini ya giaboksi.

Porsche nayo ina ugonjwa wake, na anayeinunua aujue. Mabomba ya maji kwenye injini yake yameunganishwa kwa gundi. Miaka na joto vikiikausha gundi, kiungo kinachomoka mara moja na maji yote yanamwagika mbele ya tairi za nyuma. Dawa ni kushusha injini na kuviunganisha viungo hivyo kwa kuchomelea au kwa skrubu. Kabla ya kulipa, dai uthibitisho kwamba kazi hiyo imefanyika, au ipunguze kwenye bei. Baadaye maji yajazwe kwa mashine ya kunyonya hewa kwanza, maana mabomba yanatoka nyuma hadi mbele ya gari, na kiputo kimoja cha hewa kinatosha kuchemsha injini wakati kipimo cha maji kinaonyesha yamejaa.

Pia mnunuzi asidhani kwamba 911 yoyote ni sawa na Turbo. Carrera, yaani 911 zisizo Turbo, za 996 (kizazi kilichotangulia 997) na za mwanzo za 997, zinazouzwa rahisi, zina injini nyingine, yenye shafti ya kati inayoshikwa na beringi dhaifu. Beringi hiyo ikivunjika, vali na pistoni hukutana na injini imekwisha. Kama una Carrera ya namna hiyo, kila unapomwaga oili kata filta kwa msumeno usioacha vumbi la chuma ndani, tandaza karatasi yake juani na pitisha sumaku. Ukiona chembe za chuma, usiwashe tena. Turbo za 996, na za 997 hadi 2009, hazina beringi ile dhaifu, kwa sababu injini yao inatokana na ile ya mashindano.

Neno la mwisho ni esanse. Zote mbili zimetengenezwa kwa oktani 98, na 95 zinaivumilia kwa nguvu pungufu. Esanse ya chupa za kadhafi, yaani muuza esanse wa kando ya barabara, hata akiwa mtu mwaminifu, isiingie kabisa: ikiguswa na mafuta ya taa, oktani inashuka na injini inaanza kugonga. Dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe. Esanse safi inakauka bila alama. Yenye mafuta ya taa inaacha doa la mafuta.

Ombi langu, Bwana Mhariri, ni kwamba ndugu atakayejibu kuitetea GT-R, na hoja za kuitetea zipo, aandike mwaka wa gari analozungumzia, upande wa usukani wake, na mara ya mwisho oili ya giaboksi ilipobadilishwa. Hapo tutaweza kulinganisha.

Fundi wa magari,
Kampemba, Lubumbashi