Hesabuni mateke ya namba kumi, siyo alama tu

Mhariri,

Makala yenu ya michezo kuhusu Jonny Wilkinson, namba 10 wa zamani wa timu ya raga ya Uingereza, ilitufurahisha, kwani si kila siku raga ya wachezaji 15 inapata ukurasa mzima katika gazeti la Kiswahili. Ila taaluma ya miaka 17 mliifupisha ikawa teke moja la Sydney na jumla ya alama. Kijana wa shule anayevaa jezi namba 10 akiisoma ataamini kwamba kazi ya flaihafu (ndiye huyo namba 10) ni kusubiri dakika ya mwisho apenyeze mpira kati ya milingoti. Tunaomba nafasi kidogo tuongeze kilichoachwa.

Hata teke lenyewe halikuwa la mtu mmoja. Ilikuwa fainali ya Kombe la Dunia, tarehe 22 Novemba 2003, Uingereza na Australia zikiwa 17-17 katika muda wa ziada baada ya penalti ya Elton Flatley. Uingereza ikapata lainiauti, yaani kuurudisha mpira uliotoka nje kwa kuurusha kwenye mistari ya wachezaji. Steve Thompson akaurusha mpira mpaka mkiani mwa mstari, kwa Lewis Moody. Kurusha huko ni kucheza kamari, lakini mpira ukishikwa huko unatoka karibu zaidi na katikati ya uwanja, na pembe ya kupiga inakuwa nzuri. Mike Catt akaubeba akaugonga ukuta wa wapinzani. Matt Dawson, namba tisa, akaona mwanya akachoropoka, akaangushwa mbele. Hapo mambo yakataka kuharibika: mwenye pasi ya uhakika yuko chini ya rundo la watu. Nahodha Martin Johnson akauokota mpira, akajibamiza tena kwa wapinzani hatua moja mbili tu, ili Dawson apate muda wa kuinuka na kurudi mahali pake. Ndipo pasi ikatoka, na Wilkinson, mtu wa mguu wa kushoto, akapiga kwa kulia. 20-17, zikiwa zimebaki kama sekunde 26. Usiku huohuo alikuwa amekwisha kukosa dropu tatu, yaani mateke kama hilo, ya mpira unaodondoshwa chini kwanza.

Dropu tatu zilizokosa ndizo tunazotaka vijana wazijue. Kwenye runinga dropu inaonekana mchezo wa kitoto. Mpira unashikwa wima, ncha ikielekea chini, ukiwa umeinama kidogo sana upande wa mpigaji. Mikono inauachia ukiwa chini, haiurushi. Mguu unafika pale mpira unapogusa nyasi na kuanza kuinuka. Ukiuachia kutoka kifuani unapata muda wa kujipinda njiani, ncha inatua kwa ubavu, na mpira unaruka kando kama chura. Kosa jingine ni kusimama karibu mno. Namba 10 aliye mita nne nyuma ya raki (rundo la wachezaji wanaogombea mpira ulio chini) atafikiwa na fowadi wa wapinzani kabla mguu haujashuka. Mita nane hadi kumi ndizo zinazompa nafasi ya kupumua. Na mwenye kupiga kwa miguu yote miwili anawachanganya wanaokuja kumzuia, maana wao hukimbilia upande wa mguu wanaoujua. Wilkinson alimaliza akiwa na dropu 36 kwa nchi yake, na kadhaa kati ya hizo zilitoka mguu wa kulia.

Teke la tii, kile kishikio kidogo cha kuegemeza mpira chini, ni somo lingine, na hapa ndipo raga yetu inapochechemea. Kenya imelelewa na raga ya wachezaji saba, ambako konvasheni, teke la alama za ziada baada ya trai (kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani), hupigwa kwa dropu, tena ndani ya sekunde 30 tangu trai. Kijana anayehamia 15 anakuta amewekewa tii, na penalti ina dakika nzima. Hajui aitumie vipi hiyo dakika. Anakimbilia mpira kwa hatua fupi alizozoea, na konvasheni ya pembeni, kule mawinga wanakofungia trai nyingi, inamshinda wiki baada ya wiki. Timu inafunga trai nne na kushindwa na iliyofunga tatu.

Mpira uegemezwe mbele kidogo kwenye tii, mshono ukimtazama mpigaji. Arudi nyuma hatua tatu au nne, aende kando mbili au tatu, idadi ileile kila mara, mvua au jua. Mguu wa kusimamia ndio wenye siri: utue sambamba na mpira, kama urefu wa kiatu kimoja pembeni, vidole vikielekea milingoti. Ukitua nyuma ya mpira, mwili unaegemea nyuma, na teke linapaa juu bila kwenda mbali. Ukitua karibu mno, nyonga zinakosa nafasi ya kuzunguka. Mguu unaopiga ukikata mbele ya mwili badala ya kufuata shabaha, mpira wa mtu wa mguu wa kulia utapinda kushoto. Kinachogusa mpira ni ule mfupa mgumu wa juu ya unyayo, siyo vidole. Watoto wote huiga jinsi Wilkinson alivyokuwa akichuchumaa kidogo na kukutanisha mikono. Mguu wake wa kusimamia hakuna anayeuangalia.

Mwalimu wake wa mateke, Dave Alred, alimtungia mama wa kufikirika aitwaye Doris, aliyeketi jukwaani nyuma ya milingoti, na kazi ya Wilkinson ilikuwa kumlenga huyo mama. Siyo mzaha. Milingoti iko mita 5.6 mbalimbali, na anayelenga uwazi mpana hupiga kivivu. Anayelenga kiti kimoja cha mbali, mguu wake haukatiki njiani. Unaupeleka mpira hadi kule.

Halafu kuna mpira wenyewe. Sheria inataka ujazwe hadi kati ya kilopaskali 65.71 na 68.75, yaani paundi 9.5 hadi 10 kwenye geji ya pampu. Mipira ya shule nyingi hubonyea kwa kidole gumba. Na hili wachache wanalijua: mpira uliojazwa sawasawa Nairobi, mita zaidi ya 1,600 juu ya bahari, ukifika Mombasa huwa umelegea bila kuvuja hata chembe, kwa kuwa hewa ya pwani inaukandamiza zaidi kutoka nje. Upungufu unazidi kilopaskali 10. Ongeza kwamba hewa hiyo nzito hupunguza mwendo wa mpira, na utaelewa kwa nini penalti iliyokuwa ikipita kwa raha kwenye uwanja wa Ngong Road, Nairobi, inaangukia chini ya mwamba kule Mombasa. Timu inayosafiri ibebe pampu na geji, na namba 10 apige mateke yake ya kuonja uwanja siku ya kuamkia mechi. Wakubwa nao wamehangaishwa na mpira: kwenye Kombe la Dunia la 2011, makocha wawili wa Uingereza, Alred huyohuyo akiwemo, walifungiwa mechi moja na chama chao kwa kubadilisha mpira kabla ya konvasheni katika mechi dhidi ya Romania huko Dunedin. Konvasheni hupigwa kwa mpira uleule uliofunga trai.

Sasa tuje kwenye sehemu ambayo makala yenu haikuigusa kabisa. Baada ya usiku ule wa Sydney, Wilkinson hakuichezea tena Uingereza kwa siku 1,169. Alikuwa na miaka 24, bingwa wa dunia, umri ambao flaihafu ndiyo kwanza anaiva. Mwanzoni mwa 2004 akapasuliwa shingo. Kisha mkono, goti, goti tena, kinena, na mwishoni mwa 2006 figo. Aliporejea, tarehe 3 Februari 2007 dhidi ya Scotland pale Twickenham, alifunga alama 27 kwa njia zote nne zilizopo: trai, konvasheni, penalti na dropu. Magazeti yakaandika alama. Ile miaka mitatu ya kuuguza haina safu kwenye jedwali la takwimu.

Kwa nini mwili ulimsaliti? Jibu letu ni mambo mawili. La kwanza ni ukabaji. Timu nyingi humficha namba 10 wakati wa kukaba, kwa sababu fowadi wenye kilo 110 hutumwa makusudi wapite palipo yeye. Wilkinson alikataa kufichwa, akawa anawaangusha watu waliomzidi kwa kilo 20 na zaidi, kwa bega, mechi baada ya mechi. Ushujaa huo ulipendeza kutazama, nasi hatutamwambia kijana akwepe. Ila afundishwe mahali pa kuweka kichwa: nyuma ya nyonga ya mpinzani mwenye mpira, kamwe si mbele ya njia yake; hatua ya mwisho iwe fupi, mguu ukaribie wa mpinzani, na bega la upande wa mguu huo ndilo liguse. Akiinuka na kusema mkono unawaka moto au una ganzi kuanzia shingoni kushuka, hiyo ni neva ya shingo. Atolewe uwanjani mara hiyo, hata kama ni dakika ya 78 na penalti ni yake. Maji ya baridi mgongoni hayatibu neva.

La pili ni mateke yenyewe, na hapa shahidi ni Dan Carter wa New Zealand. Tarehe 1 Oktoba 2011, siku moja kabla ya mechi ya Canada ambayo angekuwa nahodha, alikuwa Wellington akifanya mazoezi mepesi ya kupiga penalti. Hakuna aliyemgusa. Kano ya msuli wa paja la ndani, pale inapojishikiza kwenye kinena, ikachanika, na Kombe la Dunia la nyumbani kwao likaishia hapo kwake. Aliyempokea, Colin Slade, akaumia kwenye robo fainali. Aaron Cruden akaumia goti ndani ya fainali. Akaingia Stephen Donald, namba 10 wa nne, aliyekuwa mtoni akivua samaki alipopigiwa simu aje kikosini, na penalti yake ndiyo iliyoamua: New Zealand 8, Ufaransa 7. Carter mwenyewe alisubiri hadi 2015 ndipo akaicheza fainali, akafunga alama 19 dhidi ya Australia.

Kila teke la nguvu linauvuta msuli uleule wa paja la ndani, upande uleule. Mrusha mpira wa kriketi huhesabiwa mipira anayorusha kwa wiki. Namba 10 wetu hahesabiwi na mtu. Anapiga na timu, kisha anabaki peke yake hadi giza, na kocha anamsifu kwa bidii. Kipimo tunachopendekeza kwa wa miaka 16 hadi 18 ni mateke 30 hadi 40 ya nguvu kwa kikao, vikao vitatu kwa wiki vyenye siku ya kupumzika katikati, na yasizidi 15 siku ya kuamkia mechi. Mazoezi ya mguu wa pili yamo ndani ya hesabu hiyo, hayaongezwi juu yake. Aanze mita 15 mbele ya milingoti, asogee nyuma na pembeni polepole. Anayeanza na mita 45 akiwa na misuli baridi anatafuta jeraha. Na mara mbili kwa wiki alale ubavu, mguu wa juu ushikwe na mwenzake usawa wa goti, ainue nyonga na kuuleta mguu wa chini juu, mara nane kila upande. Zoezi halina raha hata kidogo. Kinena kikiuma asubuhi anapotoka kitandani, au akikohoa, tii ibaki kabatini wiki hiyo.

Wilkinson alijifunza hayo kwa gharama kubwa. Alihamia Toulon, Ufaransa, mwaka 2009, na watu wengi wakadhani amekwenda kuchukua mshahara wa uzeeni. Akatwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 2013 kwa kuishinda Clermont 16-15, akaurudia 2014 dhidi ya Saracens, na wiki moja baadaye, tarehe 31 Mei, akaicheza mechi yake ya mwisho, fainali ya ligi ya Ufaransa. Toulon iliifunga Castres 18-10. Alama 15 zilikuwa zake, dropu moja ikiwemo. Alikuwa na miaka 35.

Ombi letu kwa meza yenu ya michezo ni dogo. Mnaporipoti mechi za Kenya Cup, ligi kuu ya raga nchini, andikeni namba 10 alijaribu mikwaju mingapi, siyo iliyoingia tu, na ilipigwa kutoka upande gani wa uwanja. Aliyepata mitatu kati ya minne kutoka pembeni si sawa na aliyepata mitatu kati ya saba mbele ya milingoti, ingawa leo gazeti linawapa alama zilezile. Akikosa mechi, tajeni pia ni jeraha gani.

Wakufunzi wa raga ya vijana,
Nairobi