Mawimbi ya redio ni ndugu wa mwanga, si wa sauti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu jambo ambalo limekuwa likirudiwa katika makala za sayansi zinazoandikwa kwa ajili ya wasomaji wa kawaida, zikiwamo baadhi zilizochapishwa katika gazeti hili. Makala hizo huwaambia wasomaji kwamba sauti na mwanga ni mawimbi ya aina moja, ila mwanga una mbio zaidi. Na zinapofika kwenye redio, huandika kwamba kituo cha utangazaji hurusha mawimbi ya sauti angani mpaka yamfikie msikilizaji. Kauli ya kwanza ni nusu ya ukweli na ya pili si kweli hata kidogo. Zote mbili zinatokana na kuruka swali ambalo kila anayeandika kuhusu wimbi anapaswa kuanza nalo: ni kitu gani kinachotetema?

Katika sauti, kinachotetema ni maada. Ngozi ya ngoma inapopigwa huenda mbele na kurudi nyuma mara nyingi kwa sekunde moja. Ikienda mbele huibana hewa iliyo jirani yake. Ikirudi nyuma, hewa hiyo hupata nafasi na kutanuka. Hewa iliyobanwa huisukuma ile inayofuata, nayo huisukuma nyingine, na kwa namna hiyo kinachosafiri ni ule mgandamizo, wala si hewa yenyewe. Kila molekuli hubaki karibu na mahali pake, ikitetema mbele na nyuma katika mstari uleule ambao sauti inaufuata. Ndiyo maana mtu aliyeketi mwisho wa ukumbi humsikia msemaji bila kupulizwa na pumzi yake.

Katika hewa yenye nyuzijoto 20 za Selsiasi mgandamizo huo husafiri mita 343 kwa sekunde, na katika hewa ya nyuzi sifuri husafiri mita 331. Kinachobadilisha kasi hapa ni joto, si ukubwa wa sauti: mnong'ono na ukelele vilivyotoka pamoja husafiri kwa mwendo mmoja, ingawa mnong'ono hufifia mapema. Sauti nzito na sauti nyembamba nazo hazipitani njiani. Kama zingepitana, wimbo unaopigwa mbali ungetufikia umevurugika, besi ikiwa imetangulia au imebaki nyuma, na kusikiliza kwaya uwanjani kusingewezekana.

Mwaka 1660 mwanasayansi Robert Boyle alichapisha maelezo ya jaribio ambalo natamani kila makala ya mawimbi ianze nalo. Alining'iniza saa ndani ya chombo cha kioo, kisha akaondoa hewa kwa pampu kidogo kidogo. Mlio wa saa ulififia kadiri hewa ilivyopungua, hata mwisho haukusikika tena. Lakini saa yenyewe haikutoweka machoni. Chombo ni kilekile na utupu ni uleule, mwanga unapita na sauti inakwama. Msomaji akilishika jambo hilo moja, hawezi tena kuambiwa kwamba tofauti ya sauti na mwanga ni mbio tu.

Basi katika mwanga ni nini kinachotetema, ikiwa hewa haihitajiki? Jibu lilichukua karne mbili kupatikana. Mwanafizikia James Clerk Maxwell, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1865, alionyesha kwa hesabu kwamba uga wa umeme (yaani eneo ambamo nguvu ya umeme hufanya kazi) unaobadilika huzaa uga wa sumaku, na uga wa sumaku unaobadilika huzaa uga wa umeme, na kwamba nyuga hizo mbili zikizaana hivyo husonga mbele kama wimbi. Alipoikokotoa kasi ya wimbi hilo kutokana na vipimo vya umeme na sumaku peke yake, alikuta inakaribiana mno na kasi ya mwanga iliyokuwa imekwisha kupimwa, akahitimisha kwamba mwanga wenyewe ni wimbi la sumakuumeme. Kwangu mimi hilo ni miongoni mwa mahitimisho makubwa kabisa katika historia ya fikra za binadamu. Leo kasi hiyo katika ombwe, yaani utupu, imewekwa rasmi kuwa mita 299,792,458 kwa sekunde, na tangu mwaka 1983 urefu wa mita yenyewe umefafanuliwa kutokana nayo.

Kati ya mwaka 1887 na 1888, mwanafizikia Heinrich Hertz alizalisha mawimbi ya aina hiyo kwa cheche za umeme maabarani. Yalikuwa marefu mno kuonekana kwa macho, lakini aliyaakisi kwa bamba la chuma, akayapinda kwa mche (prizimu) mkubwa wa lami kama vile mche wa kioo unavyoupinda mwanga, na akayakuta yanatii sheria za mwanga. Hayo ndiyo mawimbi ya redio. Kituo kinachotangaza kwa masafa ya megahezi 100, yaani mitetemo milioni 100 kwa sekunde, kinarusha mawimbi yenye urefu (umbali kutoka kilele kimoja cha wimbi hadi kinachofuata) wa mita 3 hivi, yanayokwenda kwa kasi ya mwanga, yasiyohitaji hewa na yasiyoisukuma molekuli yoyote ya hewa mbele na nyuma. Hata ukisimama chini ya mnara na kutega sikio, hutasikia kitu, kwa kuwa hakuna sauti pale.

Sauti katika utangazaji ipo kwenye ncha mbili tu. Ncha ya kwanza ni studio, ambako mgandamizo wa hewa unaotoka kinywani mwa mtangazaji hutikisa kiwambo cha maikrofoni na kugeuzwa kuwa mkondo wa umeme unaopanda na kushuka. Mkondo huo hutumika kubadilisha ukubwa au masafa ya wimbi la redio. Ncha ya pili ni redio ya msikilizaji, ambayo huyasoma mabadiliko hayo na kuisukuma hewa upya kwa spika yake. Katikati, iwe ni kilomita 5 au 5,000, hakuna kinachosikika. Hebu tuchukue mtu aliyekaa uwanjani umbali wa mita 100 kutoka kwa mzungumzaji. Sauti humfikia baada ya sekunde 0.29 hivi. Ndani ya muda huohuo wimbi la redio laweza kwenda kilomita 87,000, yaani zaidi ya mara mbili ya mzingo wa dunia. Kwa hiyo, ukiacha ucheleweshaji unaosababishwa na mitambo, msikilizaji wa redio aliye bara jingine angeweza kulisikia neno kabla ya huyo aliyemo uwanjani. Nani angeweza kulieleza hilo kama redio ingekuwa inarusha sauti?

Tofauti hiyo ya kinachotetema huonekana wazi zaidi mawimbi yanapoingia majini. Mwaka 1826, Daniel Colladon na Charles Sturm walipima kasi ya sauti ndani ya maji ya Ziwa Geneva. Mashua mbili ziliwekwa umbali wa zaidi ya kilomita 13. Katika moja kulikuwa na kengele iliyozamishwa majini, na mtambo wa nyundo yake uliunganishwa na utambi, ili kengele inapogongwa baruti iwashwe papo hapo juu ya maji. Katika mashua ya pili, msikilizaji alitega sikio kwenye bomba refu lililozamishwa ziwani, akaanza kuhesabu muda alipouona mwako na kuacha alipousikia mlio. Walipata mita 1,435 kwa sekunde, matokeo yanayokaribiana sana na vipimo vya siku hizi kwa maji ya baridi kama yale. Uzuri wa jaribio hilo ni kwamba mwanga wenyewe ulitumika kama ishara ya kuanzia: uliuvuka umbali wote huo kwa muda usiofika hata sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde, na hapakuwa na haja ya kuuhesabu.

Sauti basi huongeza mwendo ikiingia majini, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani, na katika chuma cha pua hupita mita 5,000 kwa sekunde, kwa sababu maji na chuma ni vigumu kubanwa na hurudi haraka katika hali yake. Mwanga hufanya kinyume. Katika maji hupungua hadi kilomita 225,000 hivi kwa sekunde, na katika kioo cha kawaida hadi kilomita 200,000 hivi. Léon Foucault alithibitisha mwaka 1850 kwamba mwanga huenda polepole zaidi majini kuliko hewani, na uthibitisho huo uliipa pigo zito nadharia ya Newton, ambayo ilidai kwamba mwanga ni vijipande vinavyoongeza kasi vinapoingia majini.

Kuna swali jingine ambalo wanafunzi wangu huliuliza kila mwaka, nalo hujibiwa vibaya mara nyingi: mbona tunamsikia mtu aliye nyuma ya kona lakini hatumwoni? Wengi hujibu kwamba sauti ina uwezo wa kupinda na mwanga hauna. Kwa kweli yote mawili hupinda, na hapo ndipo ukoo wao kama mawimbi unapoonekana. Kinachoamua ni urefu wa wimbi ukilinganishwa na ukubwa wa kizuizi au tundu. Sauti ya masafa ya hezi 343 ina urefu wa wimbi wa mita moja hewani, unaokaribiana na upana wa mlango, kwa hiyo ikipita mlangoni hutawanyika pande zote. Mwanga tunaouona una mawimbi ya kati ya nanomita 400 na 700 hivi, yaani chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Mbele yake mlango ni uwazi mkubwa kupita kiasi, nao hupita karibu moja kwa moja. Mawimbi ya redio ya masafa ya kati, yenye urefu wa mamia ya mita, huzunguka vilima kwa sababu hiyohiyo, wakati yale ya megahezi 100 huzuiwa kwa urahisi zaidi.

Kupinda kwa mwanga kulithibitishwa kwa namna ya ajabu. Augustin Fresnel alipowasilisha nadharia yake ya mawimbi katika shindano la Chuo cha Sayansi cha Paris mwaka 1818, Siméon Poisson, mmoja wa waamuzi, aliipinga kwa kukokotoa kwamba kama nadharia hiyo ni sahihi, basi katikati kabisa ya kivuli cha kisahani cha duara lazima pawe na nukta ya mwanga, jambo aliloliona kuwa upuuzi. François Arago alilifanya jaribio lenyewe, na nukta ikaonekana.

Sipingi sauti na mwanga kufundishwa pamoja. Yote huakisiwa, huingiliana na kufuata kanuni kwamba kasi ni zao la masafa na urefu wa wimbi. Ninachoomba ni mambo mawili yanayowezekana kutekelezwa katika toleo lolote lijalo. Kwanza, maneno "mawimbi ya sauti" yasitumike tena kwa kitu kinachotoka kwenye mnara wa redio au wa simu. Pili, ule mchoro wa mstari unaopanda na kushuka, ambao huchapishwa kando ya makala za sauti, uandikwe katika mhimili wake wa wima "shinikizo la hewa". Bila maandishi hayo msomaji mchanga huamini kwamba hewa hupanda na kushuka sauti inapopita, na kuliondoa wazo hilo kichwani mwake darasani ni kazi ya wiki nyingi.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa fizikia, shule ya sekondari