Barua kwa mwanangu: kadi chukua, ila jina lako usimwazime mtu

Mwanangu, assalaam alaykum,

Juzi ulivonipigia ukasema mama benki wameniletea barua eti nimeshakubaliwa kadi ya krediti, nichukue nisichukue, mi nikakujibu harakaharaka kwa sababu nilikuwa kazini na mgonjwa ananiita, afu usiku napiga hupokei. Najua, mitihani. Basi naandika, maana kwenye simu nako babako akisikia tu neno kadi anadaka simu anaanza "deni ni utumwa" na maongezi yanaishia hapohapo.

Jibu naliweka mwanzoni nisije nikakuchosha ukaishia njiani: chukua. Moja tu. Sio lazima iwe ya hao walioandika barua, wale "umeshakubaliwa" wanamwandikia kila mtu, hata mimi wananiandikia wiki nzima, soma kwanza kama ina ada ya mwaka, ikiwa nayo achana nayo.

Unalikumbuka duka la Mpemba pale kwa bibi yako Ngamiani? Ulipokwenda Tanga ulikuwa na miaka tisa, kazi yako ilikuwa kutumwa barafu na kurudi na pipi. Yule Mpemba alikuwa na kaunta buku limechakaa kona zote, linanuka mafuta ya taa, na humo mlikuwa na mtaa mzima. Bibi akichukua unga anaandikwa, akichukua sukari anaandikwa, mwisho wa mwezi mjomba wako akipokea mshahara wa bandarini bibi anakwenda kulipa, mstari unapigwa, maisha yanaanza upya. Hakuna aliyewahi kumuuliza ana shilingi ngapi. Siku babu alipofariki yule Mpemba alifungua stoo akatoa mchele na sukari za matanga bila kutaka hata senti, eti mambo ya hesabu baadaye. Na kulikuwa na jirani yetu mmoja ana daladala mbili barabarani, kwa hela alimzidi bibi mara kumi, lakini pale dukani hakopeshwi hata kiberiti, kwa sababu daftari lilikuwa linamjua.

Hiyo ndo skoa mwanangu, ile namba ya kuonyesha unavyoaminika kukopeshwa, hamna kingine. Hapa Marekani tofauti ni kwamba daftari wanayo makampuni matatu usiyoyajua na yasiyokujua, Equifax, Experian na TransUnion, na yeyote anayetaka kukupangisha nyumba au kukukopesha gari anawalipa hao akusome. Namba inaanzia 300 inaishia 850. Utajiri wako haumo humo kabisa, mshahara wako haumo, hela zako za benki hazimo. Kilichomo ni ulikopa nini na ulirudishaje.

Sisi tulikuja Houston 2003 tukiwa hatujui hayo. Mi nilikuwa najivuna kabisa, nilipoenda kutafuta apatimenti yule dada wa ofisini akaniuliza historia yako ya krediti ikoje, nikamwambia kwa fahari zote sidaiwi na mtu hapa duniani. Akaniangalia kwa huruma kama mtu aliyefiwa. Kwetu asiyedaiwa ndo mtu wa heshima, hapa asiyewahi kudaiwa hajulikani kama yupo. Tukatoa depoziti mara mbili. Umeme nao wakataka depoziti, maana Houston umeme unanunua kwa kampuni unayochagua mwenyewe na kampuni nayo inakuchungulia kwanza. Gari tukanunua kesh, kigari kilichokuwa kinachemka kila tukipanda barabara ya juu, babako anatembea na madumu ya maji kwenye buti kama yuko safari ya Handeni. Bima yake ghali, kwa sababu hapa Texas bima nao wanaruhusiwa kuangalia krediti. Kwa hiyo usije ukadhani asiye na deni anaishi bure, hapana, tulikuwa tunailipia hiyo sifa ya kutodaiwa kila mwezi.

Sasa sikiliza inavofanya kazi. Katika skoa ya FICO, yaani ile inayopigiwa hesabu na kampuni ya jina hilo, ambayo ndo inayotumika sana, asilimia 35 ni kulipa kwa wakati tu. Asilimia 30 ni deni lako ukilinganisha na limiti uliyopewa, yaani mwisho wa unachoruhusiwa kukopa. Muda ambao akaunti zako zimekuwepo ni 15, zilizobaki ni vitu vidogovidogo, usihangaike navyo sasa hivi. Na haitoki kesho, inataka akaunti iwe na miezi kama sita ndo namba ya kwanza ionekane, ndo maana nasema anza sasa ukiwa mwaka wa pili, sio ukishamaliza chuo unatafuta nyumba na kila mtu anakuambia hatukuoni.

Kwa kuwa hujafika miaka 21 sheria ya 2009 inawataka wenye kadi waone kipato chako mwenyewe au mtu wa kukudhamini. Wewe una kazi ya kule kantini ya chuo, andika hiyo, andika kiasi cha kweli, usiongeze hata dola. Wakikukataa usione aibu, kuna zile kadi za kuweka amana, unawapa mfano dola 200 wanazishika, limiti yako inakuwa 200 hizohizo, ukienda vizuri baadae wanakurudishia. Mimi ndo nilivoanza, na sikufa.

Ukishaipata iwekee kitu kimoja, mafuta ya gari au bili ya simu, basi. Isikae pochini inakushawishi. Benki uweke ijilipe yenyewe, na uchague deni LOTE, sio kiwango cha chini, yaani kile kidogo kabisa wanachokubali ulipe mwezi huo, hapo ndo wanapowanasia vijana, kwa sababu kitufe cha kiwango cha chini wanakiweka hapohapo mbele kinang'aa. Hebu tupige hesabu, chukua dola 1000 kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka, hiyo ni 2 kwa mwezi, yaani dola 20. Ukilipa dola 30 unajiona umelipa, kumbe kwenye deni zimepungua 10 tu. Ukiendelea hivohivo na 30 zako bila kununua hata soksi utamaliza baada ya miezi kama 56, na utakuwa umetoa kama 1,660. Kompyuta ya dola 1000 umeinunua kwa 1,660 na hapo ilishakufa zamani.

Tena usichanganye tarehe mbili. Kuna siku stetimenti, yaani hesabu ya mwezi ya kadi yako, inafungwa na kuna siku ya mwisho ya kulipa, kati yake lazima wakupe siku zisizopungua 21. Zile siku ndo nafasi yako, ukilipa yote ndani yake riba ni sifuri. Ila mara nyingi kinachopelekwa kwenye daftari ni kile kilichoonekana siku ya kufunga, kwa hiyo ukiwa na limiti ya 500 ukatumia 450, hata kama utalipa yote baadae, mwezi huo unaonekana umebanwa shingoni na skoa inashuka. Usipaniki, mwezi ukishusha matumizi inapanda tena. Kuchelewa ndo kubaya, ukichelewa siku mbili wanakukata faini, ukipitisha siku 30 inaandikwa na inakaa miaka saba. Miaka saba! Mtoto anazaliwa mpaka anaingia darasa la kwanza. Na usiitie ATM kutoa kesh, hapo riba inaanza sikuhiyohiyo, hamna cha siku 21.

Kuna uongo unazunguka sana, hata shangazi yako wa Dallas anausema, eti uache kidenikidogo bila kulipa ndo skoa inapanda. Mwambie shangazi shikamoo, na usimsikilize. Historia inaandikwa ukitumia na kulipa, riba haikuongezei hata pointi moja.

Sasa la babako. Babako hasemi vile kwa ujinga, na usimcheke. Mkataba wa kadi una kifungu cha riba, na masheikh hawakukubaliana hapo, wapo wanaosema usiusaini kabisa hata kama una nia ya kulipa yote, na wapo wanaoruhusu kama una haja na una hakika hutoiruhusu riba ikufikie. Yeye kashika kauli ya kwanza mimi nimeshika ya pili, na tumelala nyumba moja miaka yote hii. Tuliponunua nyumba kwa wale wanaokopesha kwa njia ya Kiislamu isiyo na riba babako alifurahi, afu nao wakaomba skoa zetu, mi nikanyamaza kimya nikampa yangu. Hakusema kitu. Alikwenda akaosha gari. Nenda kamuulize imamu wa hapo Austin, umeshakuwa mtu mzima, dini yako uibebe mwenyewe.

Kuna jambo sijawahi kukuambia, na kwa kweli ndo hasa lililonikalisha nikaandika. Mwaka 2008 alikuja kijana mmoja wa nyumbani, wa mtaa wetu kabisa, mama yake kanifundisha madrasa. Hana karatasi za kutosha, hana krediti, akaniomba nimfungulie laini mbili za simu kwa jina langu, "jina tu dada, bili ntalipa mwenyewe." Ningekataaje? Na kweli alilipa, kama miezi mitano. Afu akahamia jimbo jingine, namba haipatikani, mi sijui lolote mpaka napigiwa na wakusanya madeni, dola mia tisa na ushee. Nililipa. Nililipa kwa kufanya zamu za usiku, wewe ukiwa mdogo unalala kwa mama Asha, na baada ya kulipa vilevile lile doa likabaki kwenye ripoti mpaka miaka yake saba ikaisha. Simlaani, maisha yalimbana. Lakini kila ukiniona nimewakatalia watu kitu hapa sebuleni na wewe unaona haya kwa niaba yangu, ujue ni hilo.

Na watakuja kwako pia. Sio maadui, watakuwa binamu, mtu wa msikitini, rafiki mnayelala chumba kimoja. "Nidhamini tu." "Weka jina tu." Ukiwa na hela ya kumpa mpe, mpe kabisa, usahau. Jina usimpe. Kama wanakushika aibu waambie mama kanikataza, nitupie mimi lawama, mi nimeshazoea kuitwa mkavu.

Mimi mwenyewe nina ile kadi yangu ya zamani, nimefikiria kukuingiza kama mtumiaji wa pili ili umri wake uonekane na kwako. Ntakuingiza. Plastiki yenyewe ntabaki nayo droo ya jikoni, usicheke.

Kingine, ingia AnnualCreditReport.com, ripoti za wote watatu ni bure, na usome jina lako kwa makini. Wewe jina lako na la babu yako wapo maelfu Marekani hii, mimi waliwahi kuniwekea deni la hospitali la mwanamke wa Ohio tunayeitwa sawasawa, Ohio sijawahi kukanyaga. Niliandika kupinga, wakalitoa, lakini ni baada ya kuliona. Na zifunge hizo ripoti kwa wote watatu, ili mtu asikope kwa jina lako, ni bure, ukitaka kuomba kitu unazifungua siku hiyo. Equifax waliibiwa taarifa za watu kama milioni 147 mwaka 2017, kwa hiyo hapa usiseme mi nani wa kuniibia.

Na ukibanwa na hela, kabla hujaingia kwenye yale maduka yenye taa za njano ya mkopo mpaka mshahara, nipigie. Riba zao hapa Texas zinafika mamia ya asilimia kwa mwaka. Binamu zako Tanga mikopo ya namna hiyo wanaiita kausha damu. Nipigie hata saa nane usiku, ntagomba, halafu ntatuma.

Jumamosi babako anakuja huko kukubadilishia matairi, nimempa visheti na samaki wa kupaka kwenye kopo la aiskrimu, kopo nalitaka lirudi. Ukipata kadi nitumie tarehe ya kufunga stetimenti niiandike kwenye kalenda ya jikoni mpaka uzoee. Na dadako mdogo anasema hujamlipa dola zake 25 za piza ya Eid, sasa kashanunua daftari, kaandika jina lako ukurasa wa kwanza.

Mama