Msasa na kromu haviendani

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Mimi ni fundi wa pikipiki na baiskeli. Injini iliyokwama hainisumbui sana, kinachonichosha ni usukani ulioletwa ukiwa umeshasuguliwa msasa nyumbani, halafu mwenyewe ananiambia, "Fundi, kutu nimeshaitoa, wewe ng'arisha tu." Ning'arishe nini, na kromu yote, lile tabaka la kung'aa lililopakwa juu ya chuma, imebaki kwenye msasa?

Wengi hudhani ile kutu ni ya kromu. Kromu haishiki kutu nyekundu. Ile ni kutu ya chuma kilicho chini, imepanda juu kupitia vitundu na nyufa ambazo jicho halizioni. Kromu ya urembo kwa kawaida haifiki hata mikroni 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, na unywele wa mtu una mikroni kama 70. Chini ya kromu kuna tabaka la nikeli, nene zaidi, na hilo ndilo linalokikinga chuma hasa. Ukipitisha msasa au brashi ya waya hapo, kutu umeipanulia njia.

Kutu ya juujuu haihitaji fujo. Osha kwanza kwa maji na sabuni, maana chembe za mchanga zilizonasa ndizo zinazokwaruza, hata kitambaa kiwe laini vipi. Kisha chukua foili ya alumini, ile ya kufungia chakula, ikunjekunje, ichovye kwenye maji, usugue taratibu bila kukandamiza. Alumini ni laini kuliko kromu, ila makunyanzi yake yanatosha kuikwangua kutu. Baada ya muda hutokea uji mweusi mweusi. Usiufute haraka, unasaidia kung'arisha. Foili ikilala bapa, kata nyingine. Penye kutu sugu, funika kwa kitambaa kilicholowa siki kwa dakika kama 10, kisha rudia foili. Suuza sana, ukaushe hadi chini ya nati na kwenye maungio, upake nta. Usipopaka nta, vile vitundu viko wazi na kutu itarudi. Hilo wateja hawapendi kulisikia.

Kuna wanaomwagia dawa ya kusafishia choo. Jamani! Nyingi zina asidi ya haidrokloriki, na asidi hiyo inayeyusha kromu yenyewe, achilia mbali kutu. Na ikichanganyika na dawa ya klorini ya kufulia hutoa gesi ya sumu.

Kabla ya yote, gusisha sumaku. Isiponasa, huenda hicho ni plastiki au alumini iliyong'arishwa, na hapo huna kutu nyekundu ya kuhangaika nayo. Pengine ni uchafu tu.

Palipobanduka kromu, foili haisaidii. Usipapase kwa vidole vitupu, kingo zake zinakata kama wembe. Hapo dawa ni kupaka kromu upya: wanavua tabaka la zamani lote, wanasafisha chuma, ndipo wanaanza na nikeli. Ni kazi ya gharama, na mara nyingi kununua kipuri kingine kunakuwa nafuu. Kwa hiyo anayetaka kuniletea usukani wake, aulete na kutu yake.

Fundi pikipiki,
msomaji wenu