Hiyo "pia" ya Shelly-Ann itoeni

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa ukurasa wa barua, maana hili jambo limenikaa rohoni tangu Septemba 2025. Shelly-Ann Fraser-Pryce, yule mkimbiaji wa mbio fupi wa Jamaika, alipostaafu kule Tokyo kwenye mashindano ya dunia nilisoma habari zake kwa magazeti kadhaa na karibu zote zilikuwa zile zile, dhahabu ya mita 100 Olimpiki ya Beijing 2008, nyingine London 2012, bingwa wa dunia wa mita 100 mara 5, basi. Halafu mwisho kabisa, kama mtu aliyekumbuka chumvi watu wakiwa washanawa, wanaongeza ati pia alishinda medali za kupokezana vijiti. Pia! Hiyo "pia" ndio imenifanya nishike simu niandike.

Mi huyu dada nilimwona kwa macho yangu. Tarehe 7 Mei 2022 pale Kasarani, mashindano ya Kip Keino Classic, siku ile ile Omanyala wetu alimchapa Mmarekani Fred Kerley mita 100 kwa sekunde 9.85. Nilikuwa nimekaa mbali, jua limenielekea usoni, nikamuuliza jamaa niliyekuja naye kwani huyu ni mdogo hivi, maana kwa TV wote wanaonekana warefu kumbe yeye ni kama futi 5 tu. Bunduki ikalia, njugu sijazimeza, ameshawaacha wenzake, 10.67, na hapo ni mama wa mtoto aliyezaliwa kwa upasuaji Agosti 2017. (Kama kuna mtu hajaona ile video ya mbio za wazazi shuleni kwa mtoto wake aitafute, wale kina mama wengine walionewa tu.)

Sasa vijiti, zile za wanne kila mmoja mita 100. Watu wanadhani ni kuchukua wanne wenye spidi na kuwapanga. Wa kwanza anaanza na kijiti mkononi na anakata kona, wa pili ana mstari ulionyooka lakini lazima apokee na atoe, wa tatu hivyo hivyo ila yuko kwa kona, wa mwisho anapokea na kufa na wenye wako mbele. Na anayepokea hageuki, anatoka mbio mkono umenyooshwa nyuma anangoja kijiti kigonge kiganja. Makocha wengi wakishakupatia kipande chako hawakutoi hapo. Shelly-Ann amekimbia vyote vinne kwenye fainali kubwa! Olimpiki ya London 2012 alianza, fedha. Mashindano ya dunia Berlin 2009 na Doha 2019 alikuwa wa pili, dhahabu zote mbili. Tokyo 2021 akawekwa wa tatu, dhahabu ya Olimpiki, 41.02. Mashindano ya dunia Moscow 2013 na Beijing 2015 alikuwa wa mwisho, dhahabu tena. Niambieni ni bingwa gani mwingine wa mita 100 mnayemjua wa hivyo.

Na hasara yake anaijua pia. Olimpiki ya Beijing 2008 Jamaika walikuwa wameshabeba medali zote tatu za mita 100, dhahabu moja na fedha mbili, na hao watatu wote walikuwa kwa timu ya vijiti pamoja na Veronica Campbell-Brown bingwa wa mita 200. Shelly-Ann akaanza vizuri akatoa kijiti, lakini Sherone Simpson na Kerron Stewart wakakosana kwenye kupokezana, wakarudi mikono mitupu.

Shuleni kwetu kijiti kilikuwa kipande cha mti wa fagio, kilikatwa siku moja kabla ya michezo, na ilikuwa ukishika nafasi ya kwanza mita 100 mwalimu anakwambia wewe jaribu 1500, hizi fupi si zetu. Binti mmoja darasa letu alikuwa anatuacha sisi wavulana kama tumesimama, akapelekwa 1500, mwaka uliofuata akaacha kukimbia kabisa.

Kule Tokyo 2025 akiwa na miaka 38 alikuwa wa 6 kwenye mita 100, wengine wakaandika ameisha. Baadaye akakimbia kipande cha kwanza cha vijiti, Jamaika 41.79, Marekani 41.75, fedha. Mbio yake ya mwisho maishani iliishia kwa kumkabidhi kijiti msichana aliyezaliwa 2004, mmoja wa wale mapacha wa Clayton wanaokimbilia Jamaika. Mkiandika tena habari zake wekeni na hivyo vipande vinne, kila mwaka na kipande chake.

Msomaji wenu,
Thika Road, Nairobi