Hewa haizalishi nishati, huitunza tu

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie magari yanayosemekana kutembea kwa hewa, ambayo picha zake husambazwa kila mara kwenye simu zetu pamoja na madai kwamba kampuni za mafuta ndizo zilizoyazima. Madai hayo yanaifunika kazi ambayo hewa iliyoshindiliwa inaiweza kweli.

Ili hewa ikae mtunguni kwa shinikizo kubwa, ni lazima kompresa iendeshwe kwa umeme au dizeli, na gari haliwezi kurudisha zaidi ya kilichotiwa. Mtungi wa lita 200 uliojazwa hewa kwa baa 300, yaani takribani mara 300 ya shinikizo la hewa ya kawaida, haufikishi nishati ya uniti 10 (kilowati-saa 10), hata kwa hesabu ya ukarimu kabisa, na uniti 10 ni nishati iliyomo katika lita moja tu ya dizeli. Haki inanitaka niongeze kwamba injini ya dizeli hupoteza sehemu kubwa ya nishati hiyo kama joto, hivyo tunaweza kusema mtungi huo unashindana na lita mbili au tatu. Bado ni safari fupi. Wapo wanaoyafananisha magari hayo na bajaji za gesi asilia za Dar es Salaam kwa kuwa zote hubeba mitungi, ilhali gesi ni kitu kinachoungua, na mtungi wa lita 200 wenye gesi kwa baa 200 hubeba takribani uniti 400.

Wala teknolojia yenyewe si siri iliyofichwa. Tramu za hewa za mvumbuzi Mékarski zilibeba abiria mjini Nantes, Ufaransa, tangu 1879 hadi 1917, na vichwa vidogo vya treni vya hewa vilitumika katika migodi ya makaa ya mawe kwa sababu havina moto wala cheche. Mhandisi Guy Nègre alipoifufua fikra hiyo kupitia kampuni yake ya MDI, kampuni ya Tata Motors ya India iliingia naye mkataba mwaka 2007, na habari zikaenea dunia nzima kwamba gari la hewa limefika. Nègre alifariki mwaka 2016 na gari lake halijawahi kutengenezwa kwa wingi. Kikwazo kilikuwa fizikia: hewa ikishindiliwa hupata joto ambalo kwa kawaida hupotea bure, na inapotanuka ndani ya mota hupoa kiasi cha kugandisha barafu. Mékarski aliitatua shida ya pili kwa kuipitisha hewa katika maji ya moto kabla haijaingia kwenye mota, ambayo, kwa maoni yangu, ni akili kubwa kuliko matangazo mengi yaliyofuata karne moja baadaye.

Mahali ambapo hewa imethibitika ni chini ya ardhi. Huko Huntorf, Ujerumani, tangu 1978 kuna kituo kinachotumia umeme wa ziada kushindilia hewa ndani ya mapango yaliyochongwa katika mwamba wa chumvi, kisha kuifungulia wakati mahitaji ya umeme yakipanda. Kituo hicho huchoma gesi ili kuipasha hewa inayotoka, na ufanisi wake ni takribani asilimia 42 tu. Wachina wamekwenda mbele zaidi: kituo cha Yingcheng, jimboni Hubei, chenye megawati 300, huhifadhi joto la ushindiliaji na kulirudisha kwenye hewa, hivyo hakihitaji kuchoma gesi.

Kwetu Tanzania wazo hilo si la kutupwa, kwani visima vya utafiti wa mafuta katika bonde la Mandawa, kusini mwa nchi, vilikuta tabaka nene za chumvi. Hata hivyo nisingeshauri tuanze kuchonga mapango kesho. Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 tayari linaweza kuzuia maji mchana, jua linapozalisha umeme, na kuyaachia jioni, na kwa vijiji na visiwa vyenye mitambo midogo ya jua betri hurudisha sehemu kubwa zaidi ya umeme uliowekwa kuliko mitungi ya hewa. Mapango yatakuwa na maana siku upepo na jua vitakapozidi uwezo wa mabwawa, hasa katika miaka ya ukame.

Kwa sasa ninachoomba ni kwamba halmashauri au wizara ikiletewa mradi wa mabasi au jenereta za hewa, imtake mwekezaji aandike ni uniti ngapi zinaingia kwenye kompresa, ni ngapi zinatoka, na nani atalipia ukaguzi wa mitungi ya shinikizo hilo kwa muda wote wa mkataba. Takwimu hizo zipimwe hapa nchini na wahandisi wasiolipwa na muuzaji, kabla shilingi yoyote ya umma haijatoka.

Msomaji wako,
Morogoro