Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Ugawaji wa sindano kwa wanaojidunga dawa za kulevya, ziara za maskani zao hapa Nairobi kuanzia Pangani hadi Mathare, na zile semina mbili mliziona wenyewe, sitazirudia. Mkutano wa Septemba tulifika 27 kati ya 64. Ada ya shilingi 200 kwa mwezi imelipwa na 19 pekee, na wanaolalamikia matumizi ya fedha wengi wao si miongoni mwa hao 19.

Sasa lile lalamiko la nauli za wagonjwa wa homa ya ini aina C. Ndiyo, mimi ndiye niliyeisukuma kamati ihamishe fedha za kambi ya upimaji ziende kwenye nauli na kipimo cha pili, kile cha virusi, na sijuti. Kipimo cha kidole, kile cha kambini, hutafuta kingamwili, yaani alama kwamba mwili umewahi kupambana na virusi, si virusi vyenyewe. Karibu watu 3 kati ya 10 mwili wao hufukuza virusi vya homa ya ini aina C bila dawa, ila kingamwili hubaki, hivyo kipimo hicho humtisha hata asiye na virusi tena. Kambini tuligawa fulana na hofu. Dawa hakuondoka nayo mtu.

Wengi hupotelea kwenye kipimo cha virusi. Maabara nyingi hutaka damu ya mshipa, na mikono ya aliyejidunga miaka mingi mishipa yake imejificha. Akichomwa mara nne bila damu kutoka, anajiondokea. Anywe maji ya kutosha, mkono ukandwe kwa maji ya vuguvugu, na aonyeshe mwenyewe mshipa ulio hai. Anaujua kuliko daktari. Halafu kliniki ya ini ni asubuhi, na dirisha la methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, ni asubuhi hiyohiyo. Anayeogopa arosto, yale mateso ya kukosa dawa, ataenda dirishani. Ndiyo maana nauli ni ya safari mbili, si moja.

Wapo bado wanaowaambia wagonjwa waache kwanza kujidunga ndipo watibiwe. Hapana. Dawa za aina C, sofosbuviri na daklatasviri, humezwa wiki 12, huponya zaidi ya asilimia 95, na hazigombani na methadoni. Zinagombana na rifampisini ya TB. Na anayetumia efavirenzi ya VVU hupandishiwa daklatasviri kutoka miligramu 60 hadi 90. Basi kadi zote za kliniki zifike kwa daktari, na homa ya ini aina B ipimwe kabla ya kidonge cha kwanza. Aliyepona anaweza kuambukizwa tena, si kwa sindano tu: kijiko, pamba na maji ya kusuuzia pia.

Mwaka ujao, Mungu akijalia, tutaomba upimaji uletwe karibu na dirisha la methadoni.

Mweka hazina atakaa mlangoni na kitabu cha risiti. Wanaodaiwa wapitie kwake kabla ya chai.

Mwenyekiti